Mgeni wa Jinja, Mwajiri wa Ng'ambo

Katika miji yetu ya Jinja na Mbale wapo wageni wa namna ambayo askari wengi hawajazoea kuipambanua. Si watalii, kwa maana hawaondoki baada ya siku tatu. Si wamishenari, kwani hawana kanisa. Duka hawana, kiwanda hawana, wala mlangoni pao hakuna kibao kinachosema wafanya kazi gani. Wamepanga nyumba kandokando ya Mto Naili kule Bujagali, au chini ya mlima Wanale pale Mbale; wanunua nyanya na ndizi sokoni kama watu wengine, na mshahara wao walipwa na kampuni iliyoko London, Amsterdam au New York. Kazi yao yote imo ndani ya kompyuta, nayo husafiri kwa intaneti. Si wengi. Lakini kila mmoja wao siku moja atakutana na askari, nasi twaona yafaa askari huyo awe amekwisha kufikiri kidogo kabla ya siku hiyo kufika.

Tuanze na saa, kwa kuwa saa ndizo zizaazo shaka. Ofisi ya New York ifunguliwapo saa tatu asubuhi, kwetu Jinja ni saa kumi jioni; na katika miezi yao ya baridi, wanaporudisha saa nyuma, huwa saa kumi na moja. Basi mtu aliyeajiriwa huko hufunga kazi saa sita au saa saba usiku, na aliyeajiriwa California huenda akaendelea hata saa tisa, jogoo wa kwanza akiwa karibu kuwika. Jirani aona taa inawaka. Asikia mtu azungumza peke yake kwa sauti, mara acheka, mara anyamaza. Kesho yake jirani huyo ampasha habari mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti naye apiga simu kituoni. Hapo hakuna aliyekosa, kwani raia kutoa habari kwa polisi ni jambo jema. Swali ni atatenda nini askari atakayetumwa kwenda kubisha hodi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni geni kabisa, limeletwa na nyaya za mawasiliano zilizofika pwani ya Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009. Nyaya ni mpya, kweli. Mtu mwenyewe si mpya. Miji hii miwili kwa sehemu kubwa ilijengwa na watu walioishi hapa huku hesabu zao zikifungwa kwingine. Allidina Visram alitoka Kutch, Bara Hindi, akatua Unguja, akaanza kazi katika biashara ya misafara ya Bagamoyo. Mwisho wa karne ile alikuwa na duka Kampala, na baadaye matawi yake yakaenea hata Jinja. Muljibhai Madhvani aliwasili mwaka 1908 akiwa kijana wa miaka 14, akafanya kazi katika maduka ya jamaa zake huku Busoga, na mwaka 1930 kiwanda cha sukari cha Kakira kikaanza kusaga miwa. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912 ili kuchukua pamba. Na sehemu kubwa ya pamba ya Uganda katika miaka ya baina ya vita viwili vya dunia ilinunuliwa na viwanda vya Bombay. Karani wa Kihindi wa kiwanda cha kuchambulia pamba aliandika daftari lake kwa Kigujarati, akapeleka barua Bombay, akangoja majibu kwa majuma. Tofauti yake na huyu wa leo ni mwendo wa barua tu.

Apitaye Main Street ya Jinja, au Naboa Road ya Mbale, na ainue macho juu ya paa za baraza. Ataona miaka na majina ya ukoo yaliyochorwa kwa saruji. Na asikilize lugha anayoisema yeye mwenyewe kambini: gari, pesa, gunia, bima, chapati, maneno hayo yote yalivuka bahari pamoja na watu hao. Kwa hiyo askari amwambiapo mwenziwe, "Gari limeharibika, sina hata pesa ya chapati," amekwisha kutumia urithi wa wageni mara tatu kabla ya kumaliza kulalamika.

Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa ya haki. Mkulima Msoga au Mgisu aliuza pamba yake kwa bei iliyopangwa na wengine, na kwa muda mrefu uchambuaji wa pamba ulikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, Mwafrika akiwa mkulima au kibarua. Shule zilikuwa mbalimbali, hospitali mbalimbali, klabu mbalimbali. Wengi wa wageni wale waliishi Jinja kwa mwili tu, wakioana wao kwa wao, wakila wao kwa wao, na akiba yao wakiiweka ng'ambo. Watu wa Bugisu walipounda chama kikuu chao cha ushirika wa kahawa mwaka 1954, makao yake yakiwa Mbale, walikuwa na sababu zao. Malalamiko yalikuwapo, na yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana yaliyofuata yalishangiliwa na watu wengi mwanzoni.

Yalianzia katika kambi ya jeshi. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alisimama mbele ya askari mjini Tororo, mji ulio katika njia ya kutoka Jinja kwenda Mbale, akatangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Kiingereza sharti waondoke Uganda. Siku chache baadaye amri ikapanuliwa hata kwa raia wa India, Pakistani na Bangladesh. Muda wao ulikuwa siku 90, na siku ya mwisho ikawa tarehe 8 Novemba. Waliokuwa raia wa Uganda nao walipangwa foleni ili uraia wao uhakikiwe upya, na wengi walitoka katika foleni hiyo wakiwa hawana nchi. Watu takriban 27,000 walikwenda Uingereza, wapatao 6,000 walipokewa Kanada, na wengine wakatawanyika India na katika nchi nyingine. Baraza la mji wa Leicester, Uingereza, lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Maelfu wakaenda Leicester vilevile, na leo mji huo wajivunia.

Twaomba msomaji atulie hapa kidogo, maana hapa ndipo jambo linapomgusa aliyevaa sare. Amri ya mwaka 1972, kwa ubaya wake wote, iliwataka watu waondoke wakiwa na mizigo yao michache na fedha kidogo, kiasi cha paundi 50 hivi. Haikumwagiza askari yeyote kumvua mama bangili kando ya barabara. Lakini katika vizuizi vilivyowekwa njiani kwenda Entebbe, na katika magari ya moshi yaliyoshuka Mombasa kupitia Jinja na Tororo, watu walipekuliwa mara baada ya mara, wakanyang'anywa saa, dhahabu, hata kamera. Waliosafiri wameyaeleza hayo kwa nusu karne sasa, katika vitabu na katika mazungumzo, na mara nyingi hawasemi sana habari za Amin. Wamsema askari. Wakumbuka uso wake, na umri wake, na kile alichochukua. Rais alitoa hotuba moja Tororo. Kwa familia iliyokaa ndani ya gari lenye mizigo juu, serikali ya Uganda ilikuwa kijana mmoja mwenye bunduki katika kizuizi cha barabara.

Hasara iliyofuata haikuchagua kabila. Manubhai Madhvani, mwana wa Muljibhai, alifungwa Makindye katika mwaka huohuo wa 1972 kabla ya kutoka nchini. Kakira, shamba lililokuwa likilisha nchi sukari, lilidhoofika hata mitambo ikasimama, na askari wa miaka hiyo akapanga foleni ya sukari pamoja na mwalimu na mkulima. Mbale, mji uliosifiwa kwa usafi katika miaka ya 1960, ukachakaa. Madhvani alirejea mwaka 1985, na Kakira ikafufuliwa. Sheria ya mali zilizotwaliwa ilipitishwa mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 wenye nyumba wengi wakarudishiwa. Si wote waliorudi kuishi. Wapo waliochukua hati zao, wakaweka mawakala, wakarudi Uingereza au Kanada. Na hivyo kodi ya baadhi ya vyumba vya maduka ya Jinja hukusanywa hapa ikaenda kutumiwa huko. Mambo yamepinduka: mpangaji ni mwananchi, na mwenye nyumba ndiye aliye mbali.

Sasa na tugeuze macho, tumtazame askari mwenyewe. Tangu lini askari wa Uganda akawa mgeni katika mambo ya kuishi ugenini kwa mshahara wa mbali? Mwaka 1942 kikosi cha nne cha King's African Rifles, kikosi cha Uganda, kilipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kikiwa katika brigedi ya 21. Baadaye, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kikaingia Burma. Vijana waliotoka Busoga, Teso, Acholi na West Nile walipita katika miji midogo ya Asia ambayo hawakupata kuisikia, wakapigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika na malaria, na Desemba ya mwaka huo divisheni ikavuka Mto Chindwin. Mshahara wao ulipangwa na serikali iliyoko London, na sehemu yake ililipwa kwa jamaa zao nyumbani. Mchuuzi wa Kihindi au wa Ceylon aliyemwuzia askari huyo sigara hakujua Busoga iko wapi. Alimwona mtu mweusi mrefu, mwenye lugha isiyojulikana, ambaye kazi yake haikumhusu. (Amin alipenda kusema kwamba yeye naye alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zaonyesha kwamba aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.)

Hayo ni ya babu zetu. Ya karibu zaidi ni Iraki, ambako tangu mwaka 2005 maelfu ya Waganda, wengi wao askari na polisi wa zamani, walikwenda kulinda kambi na malango kwa ajira ya kampuni za kigeni. Na tangu Machi 2007 majeshi yetu yalipotua Mogadishu, ofisa au askari wa kawaida amejua vema maana ya kuwa mgeni ambaye wenyeji wamtazama na kujiuliza: huyu amefuata nini? Aliyekaa Mogadishu ajua pia kwamba tabia ya mgeni hupimwa kwa mambo madogo: jinsi aendeshavyo gari mtaani, kama amesema salaam aleikum au amepita kimya. Kuna waliojifunza Kisomali cha sokoni kwa miezi mitatu, na kuna waliomaliza zamu mbili bila kujua kusema asante. Basi na hawa waliotujia ni hivyohivyo. Mgeni wa Mbale aliyekwisha kujifunza kusema "mulembe", salamu ya Wagisu, hupata bei nzuri ya viazi kuliko yule azungukaye mji akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Wala wageni hawa hawafanani. Mbale yajua hivyo kuliko miji mingi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa huko mwaka 1988, nacho kimeleta wanafunzi na walimu wa nchi nyingi. Mwaka 2000 alikuja Mbale daktari wa Kimarekani, Benjamin Warf, pamoja na jamaa yake, kuanzisha hospitali ya kupasua watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Alikaa miaka kadhaa. Kwa kuwa mtoto wa kijijini hawezi kurudi hospitali upesi mrija wa kutolea maji uzibapo, daktari huyo aliunganisha njia mbili za upasuaji ili mrija usihitajike kwa watoto wengi. Na njia hiyo, iliyokomazwa Mbale, ikaenda kufundishwa Boston na kwingineko. Jinja nako, katika chuo cha maofisa cha Kimaka, wamo maofisa wa majeshi ya nchi jirani. Na kule Kyabirwa, karibu na mto, kilifunguliwa mwaka 2019 kituo cha upasuaji kilichounganishwa kwa waya wa mawasiliano na hospitali ya Mount Sinai ya New York, hata daktari wa huko aweza kushauriana na mpasuaji wa hapa huku upasuaji ukiendelea. Kwa hiyo kazi ya mbali haiji kwetu kwa upande mmoja tu. Yaweza pia kumfaa mgonjwa wa Busoga.

Lakini ukarimu usitufumbe macho. Jinja hiyohiyo imeona Mmarekani asiye na elimu ya udaktari akiendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo huko Masese. Watoto kadhaa walifia humo, na mwaka 2019 akina mama wawili walifungua mashtaka katika Mahakama Kuu ya Jinja. Shauri lilimalizika mwaka 2020 kwa mapatano, bila upande wa washtakiwa kukiri kosa. Hatutaki kuhukumu tena lililokwisha mahakamani. Twasema tu kwamba ngozi nyeupe na moyo wa huruma si cheti, na kwamba ofisa anayeuliza, "Bibi, kibali chako ki wapi, na leseni ya matibabu iko wapi?" hamkosei mtu heshima. Kuna askari wanaomwonea mgeni, na kuna wanaomwogopa. Wote wawili wameshindwa kufanya kazi moja, nayo ni kusoma karatasi.

Karatasi hizo zasemaje? Viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi. Vibali vya kazi vya Uganda vimepangwa kwa madaraja kutoka A hadi G, kwa mujibu wa sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 1999. Daraja moja ni la wakulima, jingine la wenye viwanda, jingine la wafanya biashara, jingine la walioajiriwa. Zilipotungwa, kila mmoja alifikiri kwamba mwajiri na mwajiriwa wako hapahapa. Huyu wetu wa kompyuta hamnyimi Mganda nafasi, kwa kuwa kazi yake haiko Uganda. Lakini pia akaa, atumia barabara, na apata riziki akiwa juu ya ardhi ya Uganda. Kenya iliona tatizo hilo, na mwaka 2024 ikatangaza kibali cha peke yake kwa watu wa kazi za mbali. Utatuzi wa jambo hili ni wa Bunge na Idara ya Uhamiaji. Si wa koplo aliye barabarani saa sita za usiku, hata akiwa na akili nyingi.

Lililo la koplo ni jepesi zaidi. Atazame pasipoti, muhuri na tarehe. Akiona tarehe imepita, au ana shaka, amwandike na kumpeleka kwa ofisa wa Uhamiaji mchana. Kibanda cha ulinzi si ofisi ya viza, wala "chai" si ada ya serikali. Kompyuta ya mtu na simu yake havichukuliwi kwa sababu tu askari ameona maandishi asiyoyaelewa: kifungu cha 27 cha Katiba ya 1995 chakataza kumpekua mtu, nyumba yake au mali yake kinyume cha sheria, na kifungu cha 23 chataka aliyekamatwa kwa tuhuma za kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Vifungu hivyo vyasema "mtu". Havikusema "raia". Kompyuta ya huyo bwana ndiyo jembe lake. Ikikaa kituoni siku tatu, huko ng'ambo yeye huhesabiwa kuwa mtoro.

Yeye naye ana wajibu wake, na yafaa aelezwe bila kufokewa. Ajiandikishe kwa mwenyekiti wa kijiji, apate barua ya utambulisho. Amwambie mlinzi wa lango lake kwamba hufanya kazi usiku, maana mlinzi huyo ndiye askari atakayemwuliza kwanza. Asikubali tu kulipa kodi ya nyumba kwa dola kwa bei yoyote atakayotajiwa, kwani mwalimu wa shule aliye jirani yake ndiye atakayehamishwa. Na ajizoeze subira: mtu aweza kukaa kilomita chache kutoka bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954 na leo laitwa Nalubaale, akasikia maji yakinguruma, na bado umeme ukamkatikia katikati ya mkutano. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na watu wa namna hii wakakaa barazani kama wavuvi walioibiwa nyavu.

Kwa sasa, mpaka sheria yetu itamke wazi juu ya mtu huyu, makamanda wa vituo vya Jinja na Mbale wangefanya vema kubandika ukutani, mahali pa zamu, jina na simu ya ofisa wa Uhamiaji wa eneo lao, pamoja na mfano wa kila muhuri unaotumika. Askari wa zamu apate pa kuuliza kabla hajatoka kwenda kubisha hodi.